Mhama Ago: Msimu wa Uvuvi na Uwindaji katika Historia ya Kiswahili



Ipo methali ambayo wengi wenu mliisoma shuleni bila ya kuielewa, na pengine mwalimu wenu aliipita haraka kwa sababu ya haya. Methali yenyewe ni hii: Mhama ago hanyele, huenda akauya papo. Ago ni kambi ya muda ya wasafiri, wawindaji au wavuvi. Katika sehemu nyingi za pwani huitwa dago. Kuuya ni kurudi. Ama kitenzi kilichobaki, mtaniwia radhi, ni kunya, kile kile ambacho zamani kilitumika pia kwa mvua, mpaka adabu ikatufanya tuseme kwamba mvua inanyesha. Anayehama kambi haichafui, kwa kuwa huenda akarejea pale pale.

Mwanaisimu anapoisikia methali hii huvutwa kwanza na umbo la hanyele. Hiyo -ele ni kiambishi cha hali timilifu ya kale, ambacho Kiswahili Sanifu kimekipoteza lakini Chimwini na Kitikuu wamekihifadhi. Huvutwa pia na kuuya, kitenzi cha Kibantu ambacho katika Kiswahili Sanifu kimesukumwa kando na kurudi, chenye asili ya Kiarabu. Mimi nami kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu methali hii kwa ajili ya sarufi yake tu. Neno ago, ambalo ndilo kiini cha habari nzima, nililipita kama mtu apitaye mlango wa jirani. Mhadhara wa leo ni jitihada ya kurudi kwenye mlango huo.

Hoja yangu ni kwamba historia ya Waswahili imeandikwa kutoka mjini: kutoka kwenye msikiti wa mawe, kaburi la mnara, forodha na barua ya mfanyabiashara. Hayo ni ya haki, kwani mji ndio ulioacha kuta. Lakini kwa wiki kadhaa za kila mwaka sehemu kubwa ya wanaume wa mwambao hawakulala mjini wala kijijini. Walilala agoni, pamoja na ndugu, wakwe na marafiki, juu ya mchanga au chini ya mti. Huko ndiko ilikofanyika sehemu ya lugha ambayo mji haukuihitaji.

Naomba niwapeleke kwenye ago moja ninalolijua.

Mimi ni mtoto wa kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya mdomo wa mto Pangani. Mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka kumi, mjomba wangu alinichukua kwa mara ya kwanza kwenda dago katika kisiwa cha Maziwe, kilichoko baharini mbele ya ufuo wa Ushongo. Maziwe ya wakati ule kilikuwa kisiwa kidogo chenye miti, hasa mivinje mirefu iliyoonekana kutoka mbali, na mchanga wake ulikuwa mahali mashuhuri mno pa kasa kutagia mayai. Tulikuwa watu sita katika mashua: mjomba ambaye ndiye nahodha, wanawe wawili, shemeji yake, mimi, na rafiki yake Mzigua kutoka bara, mkulima na mwindaji asiyejua kuogelea hata kidogo.

Kuwapo kwa mtu huyu wa mwisho kunahitaji maelezo, kwa kuwa ndiko kunakounganisha pande mbili za somo langu. Kusi linapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, vyombo vidogo huwa havitoki nje ya mwamba. Ndio wakati ambapo mahindi yamekomaa bara na nguruwe mwitu huyavamia usiku. Basi mjomba alikuwa akiwafuata wanawe na wavu wake mbovu wa baharini mpaka shambani kwa rafiki yake, nao wakawinda pamoja siku nne au tano. Nguruwe hawakuliwa na upande wowote wa urafiki ule, kwa sababu za dini. Lililookolewa ni shamba, na nyama iliyotafutwa ni ya paa. Kaskazi lilipotulia, mwezi wa Februari au Machi, deni la ukarimu lililipwa: mwindaji aliteremka pwani naye akaenda dago. Walitaniana tangu walipoamkiana hadi walipoagana. Mjomba alisema Mzigua akiona maji mengi hudhani shamba limefurika. Naye akajibu kwamba mtu wa pwani akipewa jembe hulitafutia tanga.

Nilichokisikia kwa masikio ya mtoto, nikakielewa kwa akili ya mtu mzima, ni kwamba watu hawa wawili walikuwa na msamiati mmoja. Wavu ni wavu, uwe wa kuzuia paa au wa kuzuia changu. Mtego ni mtego, windo ni windo, ago ni ago. Yule mwindaji alipoonyeshwa uzio wa kunasia samaki hakuuliza unafanyaje kazi; aliuliza tu mlango wake uko wapi. Alikuwa akiyasoma maji kama asomavyo majani yaliyokanyagwa.

Sasa tuangalie neno mvuvi lenyewe. Wanafunzi huuliza kwa nini kuvua hutoa mvuvi na si “mvui”. Jibu limo katika historia. Mzizi huu zamani ulikuwa na konsonanti b mwishoni. B hiyo ikadhoofika na kupotea katika kitenzi, lakini mbele ya i ya mtenda iligeuka v na ikanusurika. Ndivyo ilivyo katika kulewa na mlevi, na katika kuiba na mwivi, kabla mwivi hajawa mwizi. Anayetaka shahidi aende Uganda: katika Kiganda kuvua ni okuvuba na mvuvi ni omuvubi. Kwa hiyo mtu wa Ziwa Nyanza na mtu wa Pangani wamerithi kazi moja kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa na umri mkubwa kabla jahazi lolote halijatia nanga kwetu.

Hapa pana jambo ambalo naliona na maana kubwa kuliko lilivyopewa. Maneno ya chombo kikubwa na ya biashara ya mbali, kama nahodha, bandari, merikebu na jahazi, yametoka ng’ambo, kwa Waarabu, Waajemi na Wahindi. Maneno ya kazi ya karibu na ufuo ni ya nyumbani: mtumbwi, wavu, mtego, kuvua, kupwa, kujaa, chambo. Mji ulipotazama baharini ulimwona mgeni anakuja, ukajifunza maneno yake. Ago lilipotazama baharini liliona kitoweo.

Mtu atanipinga kwa neno samaki. Ni kweli, samaki ni Kiarabu, nalo limelifukuza neno la asili, nswi, ambalo hupatikana katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale, na ambalo ndugu zake ni fi ya Visiwa vya Ngazija na ifi ya Kinyarwanda. Je, si wavuvi wenyewe waliolipoteza? Sidhani. Katika siku zile za Maziwe sikumbuki kusikia mtu akisema “samaki” chomboni. Walisema tasi, changu, chewa, pono, kolekole, nguru. Jina la jumla ni la mnunuzi. Mvuvi huhitaji neno hilo anapofika sokoni, na sokoni ndiko lugha ya mji ilikotawala. Naitoa dhana hii kama dhana, na nitafurahi kijana mmoja wenu akiivunja kwa ushahidi.

Ushahidi wa maandishi juu ya uvuvi wetu ni wa zamani lakini mchache. Kile kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha katikati ya karne ya kwanza, kinaeleza kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine wamekiona ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Mwandishi anataja mitumbwi na vyombo vidogo vilivyoshonwa, vinavyotumika kuvulia samaki na kukamatia kasa. Anaongeza kwamba watu wa huko wana mtindo wao: hutega vikapu badala ya nyavu kwenye milango ya maji. Aliyewahi kuona dema, ule mtego uliosukwa kwa fito, hatahitaji tafsiri zaidi. Karne nyingi baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa akaona kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Kisha kimya. Waandishi wa makala na tarehe za miji walikuwa na wafalme wa kuwaandika.

Wanaakiolojia wametusaidia kuliko wanahistoria. Jeffrey Fleisher na wenzake, katika makala ya mwaka 2015, waliuliza swali la ujasiri: ni lini Waswahili walikuwa watu wa bahari? Walionyesha kwamba katika karne za mwanzo wenyeji wa mwambao walivua zaidi maji ya karibu, na kwamba uvuvi wa maji ya mbali pamoja na utamaduni mzima wa kuielekea bahari uliimarika baada ya mwaka 1000 hivi. Naipokea hoja yao, ila nina neno moja la nyongeza. Mifupa waliyoihesabu ni ya samaki walioletwa mjini. Walioliwa agoni, au waliokaushwa na kuuzwa njiani, hawamo katika hesabu. Ago halina msingi wa mawe. Lina majivu, nayo hupeperushwa na upepo wa msimu unaofuata. Tena methali yetu inaamrisha kambi iachwe safi. Adabu ya mhama ago ndiyo inayomnyima mwanaakiolojia kazi.

Kwa hiyo tunabaki na lugha. Angalieni pande za dunia. Mashariki na magharibi tumezipata kwa Waarabu. Lakini kaskazini ni mahali pa kaskazi, na kusini ni mahali pa kusi. Hayo ni majina ya pepo, yaani ya misimu, yaliyotiwa -ni ya mahali. Mtoto wa Kigoma au wa Dodoma anayeonyesha kusini kwenye ramani anatumia, bila ya kujua, hesabu ya mtu anayejiuliza kama chombo kitoke au kibaki. Neno mwongo nalo, ambalo leo katika magazeti na hotuba ni miaka kumi, zamani lilikuwa siku kumi. Mwaka wa Waswahili wa siku 365 ulianza kwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka kama waitavyo watu wa Makunduchi, na siku zake zilihesabiwa kwa makumi. Mjomba hakujua tarehe ya mwezi wa Kizungu, lakini alijua tumo katika mwongo wa ngapi, na kutokana na hilo alijua upepo na mvua za kutarajiwa. Mwezi mwandamo ulimpa bamvua na maji mafu. Mwongo ulimpa msimu. Alihitaji kalenda zote mbili, na alizibeba kichwani.

Dago letu lilidumu kutoka bamvua moja mpaka lililofuata. Sitaisimulia kila siku, kwa kuwa siku za uvuvi hufanana mno. Ila mgawanyo wa mapato unastahili kutajwa. Kwanza kilitolewa kitoweo cha kambi, ambacho hakikuhesabiwa. Kilichobaki kiligawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila mvuvi. Rafiki yetu Mzigua, ambaye alishinda akipika na kuukausha ung’onda, alipewa fungu kamili kama mvuta wavu. Binamu yangu mkubwa alinung’unika. Mjomba alimjibu kwamba yule bwana hakuitwa kuja kuvua, aliitwa kuja dago. Tofauti hiyo, kati ya kwenda kuvua na kwenda dago, sijaiona ikielezwa vizuri katika kamusi yoyote. Kuvua ni kazi. Kwenda dago ni kuishi pamoja kwa muda chini ya kanuni moja.

Nisiwasahau wanawake, ambao hawakuja Maziwe lakini hawakukaa bure. Wao walivua kule kule nyumbani wakati wa maji kupwa, wakitanda dagaa kwa nguo na kuchokoa pweza miambani. Vitenzi hivyo viwili ni vyao, navyo vinastahili mhadhara wao peke yao, utakaotolewa na mtu anayevijua kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 1989 nilikuwa nakusanya data za tasnifu ya udaktari. Nilikuwa nimechagua lugha ya hati za kale, somo la heshima, na mkusanyo wa maneno ya uvuvi niliuona kama nyongeza ndogo ya sura ya mwisho. Nilimkalisha mjomba barazani, nikawasha kinasa sauti, nikamwomba anitajie majina ya miamba na maeneo ya kuvulia. Alitaja matano au sita akasita. Akasema, “Mwanangu, hapa hayaji.” Nilidhani ni uzee. Nikaandika katika daftari langu kwamba mhojiwa amesahau, nikafunga faili.

Hakuwa amesahau. Eneo la uvuvi halina kibao. Hujulikana kwa kupatanisha alama: unasogea mpaka mti fulani wa kisiwani ukae sawa na kilima fulani cha bara, na mnazi fulani ukae sawa na mnara wa msikiti, pale mistari miwili inapokutana ndipo penye mwamba. Jina la mahali hapo mara nyingi ni jina la alama zake. Alama kuu za mjomba zilikuwa mivinje ya Maziwe. Na kufikia wakati nilipomhoji, Maziwe haikuwa na mvinje hata mmoja.

Kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kwa ajili ya kasa na matumbawe. Miaka hiyo hiyo ya sabini mmomonyoko ulikuwa ukikila. Mwanzoni mwa miaka ya themanini miti ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa fungu la mchanga mtupu ambalo maji ya bamvua kubwa hulifunika. Sababu zilizotajwa ni zaidi ya moja, zikiwamo ukataji wa miti na mabadiliko ya mawimbi na ya usawa wa bahari. Siwezi kukaa hapa nikasema kwamba sisi wa dago hatumo katika orodha hiyo. Nakumbuka kuni tulizozipikia. Baadhi zilitoka ufuoni, zilizoletwa na maji. Baadhi hazikutoka ufuoni. Methali ilitukataza kuchafua kambi. Juu ya kuikata haikusema kitu, au sisi hatukuisikia ikisema.

Kwa hiyo nilipomtaka mjomba ataje majina, nilikuwa namtaka asome kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa zimechukuliwa na maji. Angeweza kunionyesha mengi kama ningekwenda naye baharini, kwani alama za upande wa bara zilikuwa bado zipo na mkono wake ulikuwa bado unajua wapi pa kushusha nanga. Hakuniomba twende, adabu yake haikumruhusu kumsumbua mwanachuo. Alifariki mwaka uliofuata. Tasnifu yangu ilipita, na hakuna mtahini aliyeuliza juu ya sura ya mwisho.

Nimeeleza haya si kwa kutaka huruma bali kwa sababu ya mbinu. Tunafundisha kwamba data ya msamiati hupatikana kwa kuuliza maswali mtu akiwa ameketi. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, ameacha majina ya mimea na samaki kwa wingi unaotuaibisha hadi leo, naye hakuyapata yote kwa kuketi. Alikuwa mtu wa mimea, aliyekwenda mahali mmea ulipo. Yapo maneno yanayoishi katika kichwa cha msemaji, na yapo yanayoishi kati ya msemaji, mkono wake na mahali aliposimama. Haya ya pili hayachukuliki barazani.

Nilirudi Maziwe miaka michache iliyopita, pamoja na mtoto wa yule binamu aliyenung’unika. Ni mvuvi, na ana ngalawa yenye mashine ndogo. Kasa bado hupanda mchangani kutaga, na kwa kuwa maji hufunika viota, wahifadhi wamekuwa wakiyahamishia mayai ufuoni Ushongo. Ndani ya hifadhi haruhusiwi kuvua, kwa hiyo tulipita tu. Tulipotoka nje ya mipaka alitoa simu, akatazama kioo, akazima mashine. “Hapa,” akasema, akashusha mshipi. Na kwa kweli palikuwa na chewa. Nilimwuliza mahali pale panaitwaje. Akanigeuzia simu nione. Palikuwa pameandikwa namba: 14.

Nilimwuliza kama baba yake alikuwa na jina lake. Alifikiri kidogo, akasema baba alipaita kwa majina ya miti, lakini miti gani hakumbuki. Kisha akaniuliza kama msimu wa kaskazi unaokuja nitakuwa na nafasi, kwa sababu yeye na wenzake watakwenda dago upande wa Saadani, na mtu wa kupika hawajampata.

Nimemwambia nitakwenda. Kinasa sauti nitakichukua, na safari hii nitakaa chomboni.